Kibodi Inakufa Ukishawasha Kompyuta? Uliza Kwanza Imefia Wapi

"Shikamoo dada. Nina stesheneri ndogo hapa Morogoro, jirani na stendi. Kompyuta yangu ya mezani ikiwaka, taa za kibodi zinamulika vizuri tu. Lakini Windows ikishafika pale pa neno la siri, kibodi haiandiki hata herufi moja. Kipanya kinatembea. Fundi aliniambia kibodi imekufa, nikanunua nyingine, nayo imekuwa vilevile. Huu ni msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya chuo, wateja wanapanga foleni halafu wanahamia kwa jirani. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako si ya kwanza ya namna hii kunifikia, ila nimeichagua kwa sababu ya maneno matatu uliyoyaandika bila kujua uzito wake: nayo imekuwa vilevile. Jibu lako linaanzia hapo. Kibodi mbili, moja ya zamani na nyingine imetoka kwenye boksi juzi, haziwezi kufia mahali pamoja kwa bahati mbaya. Wagonjwa wawili wakipata homa ileile kwenye kitanda kilekile, kagua kitanda.

Kabla ya yote, tuwaokoe wateja. Kwenye hiyo skrini ya neno la siri, tazama pembe ya chini kulia. Kuna alama mbili tatu ndogo. Ile ya kuzimia unaijua. Karibu yake kuna nyingine ambayo watu wengi hawajaigusa tangu wanunue kompyuta zao. Kwenye Windows 11 imechorwa kama kimtu kidogo kilichonyoosha mikono. Ibofye kwa kipanya, kidirisha kidogo kifunguke, kisha uchague palipoandikwa On-Screen Keyboard. Kibodi itatokea kwenye kioo, nawe utabofya neno lako la siri herufi moja moja kama kuku anayedonoa mtama. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukishaingia unaweza kuprinti kazi zilizokuja na flashi, ukaskani vyeti, ukatoa kopi. Barua ndefu za kuchapa ndizo utakazomwachia jirani kwa leo.

Na usikifunge hicho kidirisha kidogo cha alama bado, kwa sababu ndani yake kuna mtuhumiwa wangu wa kwanza. Huyo aliwahi kunilia hela.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na laptopu niliyoitegemea kwa kila kitu. Asubuhi moja naiwasha, inafika kwenye neno la siri, nabonyeza, kimya. Naizima, naiwasha, kimya. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja, akaigeuza, akagonga vitufe viwili vitatu kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Kibodi imeenda, dada." Nikalipia kibodi mpya, nikasubiri siku nne. Siku ya tano naiwasha nyumbani, kimya kilekile. Nilikaa pale mezani nikiitazama kwa hasira.

Akaingia binti wa jirani, yuko kidato cha pili, katumwa kuomba chumvi. Akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Akanyoosha kidole akabonyeza herufi A, na badala ya kuachia haraka kama tunavyofanya sote, akaishikilia huku akinitazama usoni anisikilize. Baada ya muda kama wa kusema "moja", kwenye kile kisanduku cha neno la siri kikatokea kinukta cheusi. Akaachia. Akabonyeza tena, akashikilia, kikatokea kingine. "Mbona inaandika, shangazi? Ila inaandika polepole."

Kitu hicho kinaitwa Filter Keys. Kipo ndani ya Windows kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka: kinaiambia kompyuta ipuuze mguso wowote wa haraka, isubiri mpaka kitufe kishikiliwe. Kwa mwenye kukihitaji ni msaada mkubwa. Kwa asiyejua kama kimewashwa, kibodi nzima inaonekana maiti, maana hakuna mtu anayechapa kwa kushikilia kila herufi sekunde nzima. Na namna kinavyowashwa ndiyo inayoniudhi. Ukishikilia kitufe cha Shift cha kulia kwa sekunde 8, kompyuta inatoa mlio na kuleta kisanduku kinachouliza kama unakitaka. Wewe uko mbioni, unabonyeza Enter ili kisanduku kiondoke. Umeshakubali.

Sasa nikuulize wewe mwenye stesheneri: rimu zako za karatasi unaziweka wapi ukizifungua? Rimu moja ya A4 ya kawaida, zile karatasi 500, ina uzito unaokaribia kilo mbili na nusu. Ukiiegesha kwenye ukingo wa kulia wa kibodi huku unamrudishia mteja chenji, sekunde 8 zinapita hata kabla hujaihesabu mia tano. Mimi kwangu ilikuwa kamusi.

Basi jaribio lako la kwanza ndilo hilo la binti wa chumvi. Bonyeza herufi moja, ushikilie, uhesabu mpaka tatu taratibu. Kinukta kikitokea, rudi kwenye kile kidirisha cha alama ya pembeni, zima Filter Keys, kazi imekwisha. Unaweza pia kuizima kwa njia ileile iliyoiwasha, Shift ya kulia kwa sekunde 8.

Ikiwa umeshikilia hadi kidole kimechoka na hakuna kilichotokea, tuendelee na swali ambalo fundi wako alipaswa kukuuliza kabla hajakutuma dukani: hiyo kibodi inafia wapi hasa?

Unaona, kompyuta ikiwashwa haiamki yote kwa pamoja. Anayeamka kwanza ni programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, ile watu wanayoiita BIOS. Hiyo ina namna yake rahisi ya kuzungumza na kibodi, haihitaji kufundishwa. Ikishahakikisha vyombo vipo, inaikabidhi kompyuta kwa Windows, na Windows inaanza upya kwa utaratibu wake yenyewe: inatumia draiva zake, yaani zile programu ndogo za kuzungumza na kila kifaa. Ni kama walinzi wawili wanaopokezana zamu getini. Wa usiku anakufahamu kwa sura, anakufungulia. Wa asubuhi anafungua daftari lake, jina lako halimo, unabaki nje. Hujabadilika chochote, ni daftari lenye kasoro.

Kwa hiyo tunataka kujua umezuiwa na mlinzi yupi. Zima kompyuta, iwashe, na mara tu inapowaka anza kugonga kitufe cha kuingilia BIOS mara kwa mara. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni Delete au F2. Kwenye Dell ni F2, kwenye HP ni F10. Ikikuingiza kwenye ukurasa wa mipangilio, tumia mishale ya kibodi kupanda na kushuka. Usibadilishe kitu, tazama tu kama inakutii. Ikikutii, basi kibodi ni nzima, waya ni mzima na tundu lake ni zima, kwani vyote hivyo vimefanya kazi mbele ya macho yako. Ugonjwa uko upande wa Windows, na hata ukinunua kibodi kumi zote zitasimama getini. Isipokutii hata huko, hapo sasa tunaweza kuanza kuzungumzia kibodi, waya au tundu.

Umeniandikia kwamba taa zinamulika. Zisikudanganye. Zile taa kumulika mara moja wakati wa kuwasha ni ushahidi kwamba umeme umefika, basi. Taa yenye maana ni ya Caps Lock. Ukiwa kwenye skrini ya neno la siri, bonyeza Caps Lock na ushikilie kidogo. Kwenye kibodi za USB taa hiyo haiwashwi na kibodi, inawashwa kwa amri ya kompyuta. Ikiwaka na kuzimika kwa kukufuata, maana yake ujumbe umeenda na jibu limerudi. Isipobadilika, Windows haikusikii kabisa. Na kwa kuwa kipanya chako kinatembea, tunajua kwamba angalau baadhi ya njia za USB ziko wazi.

Hatua inayofuata itakuchekesha: usizime kompyuta, iambie Restart. Najua utasema dada, nimeshaizima mara ishirini. Kuzima siyo kuanza upya! Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kuna mpango unaoitwa Fast Startup. Ukibofya Shut down, Windows haizimiki yote. Inakufungia kazi zako, kisha inaandika hali ya kiini chake pamoja na draiva zake kwenye diski, kama mtu anayelala na nguo za kazini ili asubuhi asichelewe. Ukiwasha, inasoma palepale ilipoachia, inafunguka haraka, nawe unafurahi. Lakini kama draiva ya kibodi ilikwama jana jioni, inaamka imekwama vilevile leo, na kesho, na keshokutwa. Restart ndiyo inayoivua nguo zote. Ndiyo sababu wengine husimulia kwamba umeme ulikatika ghafla kompyuta ikiwa inafanya kazi, uliporudi kibodi ikapona. Haikuwa miujiza, ililazimika kuanza moja. Wala sikushauri uchomoe waya ukutani kwa makusudi, unaweza kuidhuru diski.

Bofya ile alama ya kuzimia kwenye pembe ya skrini, chagua Restart. Kibodi ikirudi, usiishie hapo, kwa sababu tatizo linaweza kukurudia. Ingia Control Panel, sehemu ya Power Options, fungua palipoandikwa Choose what the power buttons do, bofya ule mstari wa juu unaokuruhusu kubadilisha yaliyofungwa, halafu uondoe alama ya tiki mbele ya Turn on fast startup. Kompyuta yako itachelewa kidogo kuwaka. Kachemshe chai.

Isiporudi, tunafuta jina kwenye daftari la mlinzi wa asubuhi ili aliandike upya. Ukiwa umeingia kwa ile kibodi ya kwenye kioo, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, fungua mstari wa Keyboards. Utakuta jina moja au zaidi, na pengine alama ya njano ya mshangao. Bofya kulia juu yake, chagua Uninstall device, kubali, kisha Restart. Usiogope neno hilo. Draiva ya kibodi ya kawaida imo ndani ya Windows yenyewe, itaipanga upya bila hata kuhitaji bando.

Nikuulize swali la kimbea kidogo: wiki hii uliondoa programu gani? Antivirasi ya majaribio iliyokwisha muda? Gemu la mtoto? Programu ya kurekodi vitufe uliyowekewa na mtu? Baadhi ya programu hujipachika katikati ya njia ya kibodi ili kila herufi ipite kwao kwanza. Ukiziondoa vibaya zinaacha jina lao kwenye Registry, yaani daftari la mipangilio la Windows, kisha Windows inatafuta kitu ambacho hakipo, na njia nzima inafungwa. Ukifungua jina la kibodi kwenye Device Manager utakuta kimeandikwa Code 39 au kitu cha namna hiyo. Hapo mdogo wangu usijitie ufundi. Kwanza jaribu System Restore, uirudishe kompyuta kwenye siku ambayo ilikuwa nzima. Ikishindikana, mwite fundi, umwambie aangalie thamani ya UpperFilters ya kibodi kwenye Registry. Kwa kawaida inatakiwa kuwa na kbdclass peke yake. Akikuuliza umejuaje, mwambie una dada.

Nimeacha matundu ya USB mpaka sasa, na kwa mwenye stesheneri ndipo penye balaa. Mnapenda sana ule mgawanyo wa USB wa bei rahisi, kipande kimoja chenye matundu manne kinachonyonya umeme wa tundu moja. Tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampea 500. Wewe unachomeka hapo modemu, flashi ya mteja, kisomea kadi na kibodi, vinagawana sahani moja ya ugali. Wakati wa kuwasha hakuna anayekula sana. Windows ikishaamka na kuiamsha modemu, kibodi inalala njaa. Kibodi ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kwa ya mezani tumia matundu ya nyuma yaliyoshikana na ubao mama. Kipanya chako kinafanya kazi? Chomeka kibodi kwenye tundu la kipanya uone. Jaribio hilo halikugharimu kitu, na lingefaa kutangulia safari yako ya dukani.

Hukuniambia una Windows ipi. Kama bado ni Windows 7, hilo nalo linaweza kuwa jibu zima, hasa kama mtu amekuwekea juzi juzi kwenye mashine mpya. Windows 7 ni ya mwaka 2009 na haikuja na draiva za USB 3.0, yale matundu ambayo mara nyingi yana ulimi wa bluu ndani. Kwenye mashine za miaka ya karibuni inatokea hivi: BIOS inaiona kibodi vizuri, Windows 7 ikipokea zamu, kibodi au kipanya kilichochomekwa kwenye matundu hayo kinakata roho. Jaribu tundu jeusi kama lipo. Au geuza mashine uangalie kama nyuma ina tundu la mviringo la rangi ya zambarau, lile la PS/2, urithi wa kompyuta za IBM za mwaka 1987. Ukipata kibodi ya namna hiyo, ichomeke kompyuta ikiwa imezimwa, maana tundu hilo halikutengenezwa kwa kuchomeka na kuchomoa ikiwa inawaka. Ila kwa ushauri wa dada, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta inayopokea vyeti na namba za NIDA za watu haifai kuendelea nayo.

Wala si kila mara kosa linakuwa lako. Oktoba 2025 toleo jipya la masasisho ya Windows 11 lilitoka tarehe 14, na kwenye ile skrini ya kurekebishia kompyuta iliyokwama, kibodi na vipanya vya USB vikawa havifanyi kazi, ingawa ndani ya Windows yenyewe vilikuwa vizima. Microsoft ikatoa marekebisho ya dharura tarehe 20 mwezi huohuo. Wasiojua walilaumu vifaa vyao wiki nzima.

Wengine mnaosoma mna laptopu, najua mnanisubiri. Kama mishale haitii hata kwenye BIOS, na kumbukumbu inakuletea soda iliyomwagika Jumamosi, basi kwako kibodi ndiyo mgonjwa. Sukari ikikauka inashikilia kitufe chini, na kitufe kimoja kilichoshikwa kinaweza kuwanyima sauti wengine wote. Chomeka kibodi ya nje ya USB uendelee na kazi wakati unatafuta fundi wa kuifungua. Mara nyingi bei ya kibodi hiyo ya nje haifikii ya kuku wa kienyeji. Na wewe ambaye J inaandika 1 na K inaandika 2, kibodi yako haina kasoro, umewasha Num Lock, izime. Mwenye kibodi isiyo na waya, badilisha betri kabla hujaniandikia. Kuna na kinyume cha yote haya, kibodi bubu kwenye BIOS lakini nzima ndani ya Windows: huko mara nyingi ni Fast Boot ya BIOS inayoruka ukaguzi wa USB ili kuwahi. Hiyo nitaieleza siku nyingine.

Sasa rudi dukani, mdogo wangu. Anza na herufi ya kushikilia, kisha Restart, kisha tundu la kipanya, kwa mpangilio huo, kwani vyote vitatu havimalizi hata robo saa. Niandikie mambo manne: herufi ilitokea ulipoishikilia au la, taa ya Caps Lock ilikufuata au la, mishale ilikutii kwenye BIOS au la, na una Windows ipi. Ukiweza nipigie picha ya ule mstari wa Keyboards. Na ile kibodi ya kwanza, kama bado iko chini ya meza, ifute vumbi uitunze. Sidhani kama iliwahi kufa.